Umemeza Kitu Chenye Ncha? Usikisukume kwa Tonge

Mwiba wa samaki ukikwama kooni, wengi hukimbilia kumeza tonge kubwa bila kulitafuna. Tunakuomba sana usifanye hivyo. Mwiba uliojichoma juu juu, mahali ambapo daktari angeuona kwa tochi na kuuchomoa kwa koleo dogo, huzamishwa ndani ya nyama au kusukumwa hadi kwenye umio, yaani mrija wa chakula unaotoka kooni hadi tumboni. Kujitapisha nako ni hatari, kwa kuwa ncha inaporudi hukwaruza njia ileile. Usitie kidole kooni, usinywe dawa ya kukufanya uharishe. Acha kula na kunywa, kumbuka saa uliyokula mara ya mwisho, kisha uje hospitalini upesi. Kama kipo kitu kinachofanana na ulichomeza, njoo nacho, maana urefu na umbo lake hutusaidia kuamua.

Kazi yetu ya kwanza ni kujua kitu kiko wapi. Tunapiga eksirei ya shingo, kifua na tumbo, kwa mbele na kwa ubavu. Sindano, msumari na wembe huonekana vizuri. Mwiba mwembamba, kijiti cha meno na plastiki mara nyingi havionekani, kwa hiyo eksirei safi haitoshi kumruhusu mgonjwa ambaye bado anaumia kila akimeza. Huyo anahitaji skani ya CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili kwa undani, au kamera ndogo inayoingizwa kupitia mdomoni. Bariamu, ile dawa nyeupe ya kunywa inayoonekana kwenye eksirei, hatumnyweshi: inaweza kuingia mapafuni, tena hufunika kile tunachokitafuta.

Kikiwa kwenye umio, ni dharura. Mwongozo wa madaktari wa endoskopi (uchunguzi kwa kamera hiyo) wa Ulaya unataka kitolewe ndani ya saa 2 ikiwezekana, na zisizidi 6. Ukuta wa umio ni mwembamba, na jirani yake ni mshipa mkuu wa damu. Ukitoboka, mate na vijidudu huvuja kifuani na kufanya usaha karibu na moyo na mapafu. Kutapika damu, hata kidogo, hata siku kadhaa baada ya kumeza, kusipuuzwe kamwe: huenda ncha imefika kwenye mshipa, na damu nyingi zaidi inafuata.

Kilichofika tumboni tunakitoa ndani ya saa 24, hata kama mgonjwa hasikii maumivu, ili kisitangulie kuingia kwenye utumbo. Kitu kirefu kuzidi sentimita 5 au 6 hushindwa kukata kona ya mwanzo wa utumbo mdogo.

Utoaji wenyewe una ufundi wake. Chevalier Jackson, daktari wa Marekani aliyetoa zaidi ya vitu 2,000 katika koo na vifua vya watu, alifundisha kwamba ncha inayotangulia hutoboa, inayofuata nyuma haitoboi. Ndiyo maana pini ya nepi iliyofunguka ikielekeza ncha juu, hatuivuti hivyo hivyo. Mara nyingi tunaisukuma kwanza hadi tumboni, tunaigeuza, ndipo tunaivuta ncha ikiwa nyuma. Wembe hufunikwa kwa kofia ya mpira iliyo kwenye ncha ya kamera, au hupitishwa ndani ya bomba la kulinda umio. Mtoto mdogo hulazwa kwa nusu kaputi na kuwekewa mpira wa kupumulia, ili kitu kikiponyoka kisidondokee kwenye njia ya hewa.

Kikishapita mahali ambapo kamera hufika, mgonjwa hupigwa eksirei kila siku. Vingi hutoka na choo. Kisiposogea kwa siku 3, au tumbo likianza kuuma, ni kazi ya daktari wa upasuaji. Mahali panapotoboka zaidi ni pale utumbo mdogo unapoungana na mkubwa, na maumivu yake hufanana sana na ya kidole tumbo. Kijiti cha meno ndicho kinachodanganya kuliko vyote: wengi hawakumbuki kukimeza, na kimewahi kukutwa kwenye ini, kimezungukwa na jipu.

Baada ya kutolewa, mkwaruzo unaweza kuwasha siku moja au mbili. Ukizidi badala ya kupungua, au ukapata homa, choo cheusi, tumbo gumu, au shingo iliyovimba inayotoa mlio kama wa karatasi ukiibonyeza, rudi saa hiyohiyo, hata usiku.