Masomo wenzangu, na matiti tuyafunde

Mhariri, naomba nafasi niseme na masomo wenzangu wa Tanga.

Mimi ni somo, yaani kungwi, hapa Ngamiani. Kazi nimeirithi kwa marehemu mama, na huu ni mwaka wa 22 nafunda mabinti. Nimewafundisha kujitunza siku zao, kuishi na mume, kuheshimu wakwe. Singo, yale manukato ya kumsugulia biharusi, nimewasugua kwa mikono yangu, mpaka kifuani. Lakini sikuwahi hata siku moja kumwambia binti ayashike matiti yake mwenyewe na kuyajua. Nilimwambia ni ya mume na ya mtoto, basi.

Mtoto wa dada yangu nilimfunda mimi. Akiwa na miaka 27 alikuta kigololi titi la kushoto, karibu na kwapa, wakati anaoga. Hakikuuma, na kwa kuwa hakikuuma akanyamaza. Baadaye alikwenda zahanati, akapewa vidonge vya jipu bila hata kuambiwa afungue blauzi. Miezi tisa ikapita. Siku aliponionyesha, ngozi ilikuwa imefanya vishimo kama ganda la chungwa na chuchu imeingia ndani. Tulipanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam. Wakamkata kinyama kupima, majibu yakaja saratani. Titi likatolewa, akawekewa dripu za dawa mpaka nywele zikaisha, kisha mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani. Yuko hai, namshukuru Mungu.

Nilimuuliza kwa nini alinificha. Akanijibu, "Mama mdogo, ulinifunda kila kitu, hili hukulitaja. Nikajua halisemwi."

Maneno hayo sijayasahau.

Pale Ocean Road nilikuta wanawake wengi, wengine wadogo kuliko yeye, waliochelewa vilevile. Kwa wanawake wa Tanzania saratani hii ni ya pili, baada ya ile ya mlango wa kizazi. Muuguzi mmoja alinikalisha akanielekeza, na ndivyo ninavyofundisha sasa. Hedhi ikishakwisha, siku chache baadaye, matiti yakiwa laini, simama mbele ya kioo, mikono kiunoni, kisha uinyanyue juu. Tazama ngozi, chuchu, umbo. Halafu lala chali, kunja khanga uiweke chini ya bega, mkono nyuma ya kichwa. Kwa matumbo ya vidole vitatu vya mkono wa pili, zungusha viduara vidogo: kwanza kwa wepesi, kisha kwa nguvu kidogo, kisha mpaka uusikie ubavu. Anzia kwenye mtulinga mpaka chini ya titi, na kwapa usiliruke. Titi la kila mtu lina mabonge yake ya asili. Ukishalizoea lako, jipya utalijua. Damu kwenye chuchu pia si ya kungoja.

Na binti asitishike. Vivimbe vingi vya wasichana si saratani, ila mkono hauwezi kuamua, hospitali ndiyo inayoamua. Usikubali kupewa vidonge bila kushikwa na kupimwa.

Kuna walionisema kuwa nawafungua mabinti macho. Mbona kwenye kicheni pati tunasema mambo mazito kuliko haya, tena kwa kipaza sauti? Mimi naomba dakika kumi tu kabla ya zawadi. Wala tusingoje harusi, maana siku hizi binti anafika miaka thelathini hajaolewa, na matiti anayo tangu ana kumi na tatu. Nawaomba na akina mama muwaelekeze binti zenu nyumbani.

Mwezi huu, kwenye shughuli moja ya singo Chumbageni, nilipomaliza kueleza, mama mmoja mtu mzima alinivuta chumba cha uani, akafunga mlango. "Somo, hebu nishike hapa." Nilimshika. Jumanne naenda naye hospitali ya Bombo.

Somo wa Ngamiani,
Tanga