Usiongeze kifurushi kwanza

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Ujumbe wako niliupata juzi. Niliposoma kwamba mkubwa wako ametupa pedi ya gemu chini kwa hasira, na shemeji siku hizi anamalizia tamthilia yake kwenye simu kwa bando kwa sababu ya kuchoka kutazama kile kiduara kinachozunguka, nikaona ni nyumba yangu ya mwaka jana kabisa. Nimeamua kukuandikia kwa kirefu kwa kuwa umesema mwezi ukiisha unahamia kifurushi kikubwa cha intaneti. Nakuomba usikilipie kwanza.

Sisi tulikilipia. Tulitoka megabiti 20 kwa sekunde tukaenda 40, na usiku uleule mdogo wangu akiwa katikati ya mechi, gemu ikaganda vilevile. Adui yuko mbele yake, anafyatua, hakuna kinachotokea, halafu ghafla yeye ndiye yuko chini. Tukipima kasi, namba inang'aa. Iliniuma, maana nilimwahidi kwamba sasa mambo yatakuwa sawa.

Kilichonichukua muda kukielewa ni kwamba sinema na gemu haziombi kitu kimoja. Sinema inataka njia pana. Netflix wenyewe wanapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya HD kamili, na 15 kwa 4K. Mtandao ukikatika sekunde mbili hutajua, kwa sababu kuna akiba iliyokwisha kupakuliwa mbele. Gemu ikishaanza kuchezwa hutumia kidogo mno, mara nyingi haifiki hata megabiti 1. Inachodai ni kila kipande cha data kifike kwa wakati na jibu lirudi kwa wakati. Muda huo wa kwenda na kurudi ndio vijana wanauita pingi, nao hupimwa kwa milisekunde. Ikiwa chini ya 50 mtu anacheza kwa raha. Inayoharibu kabisa ni ile inayorukaruka, sasa hivi 30, sasa hivi 400. Na hapo akiba haisaidii, kwani huwezi kupakua mapema risasi ambayo bado haijafyatuliwa.

Kwa hiyo pima kabla ya kutoa hela. Fungua kwenye kompyuta lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika ping kisha anwani ya ruta yako. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na kawaida imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Kama ni Windows, malizia na -t ili isikome baada ya mara nne. Fungua dirisha la pili ufanye vivyo hivyo kwa anwani ya nje, mfano 8.8.8.8. Ziache zote zitiririke huku watu wakiendelea na shughuli zao. Namba za ruta zikirukaruka, ugonjwa uko ndani ya nyumba, kwenye Wi-Fi. Za ruta zikitulia kwenye 1 au 2 na za nje zikaruka, basi shida iko kwenye laini au kwenye foleni ya kuingia kwenye laini.

Sisi tulikuwa na magonjwa yote mawili. La ndani lilipona jioni moja: ruta ilikuwa imefichwa kabatini nyuma ya runinga, nikaitoa nikaiweka juu, mahali pa wazi. Simu zilizo karibu na runinga nikazihamishia masafa ya Wi-Fi ya gigahezi 5, ambayo ni ya kasi ila hayapendi kuta. Kifaa cha chumba cha mwisho kikabaki kwenye 2.4. Huko kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11 tu, ndizo zisizoingiliana, na ujue kwamba maikrowevu ikiwashwa nayo inapiga kelele kwenye masafa hayohayo. Mashine ya gemu nikaivutia waya. Kebo ya kawaida ya Cat5e inapitisha gigabiti 1 hadi mita 100, na hakuna kitu chochote kwenye Wi-Fi kinachoweza kushindana na utulivu wa waya. Kama unaweza kufanya jambo moja tu wiki hii, fanya hilo.

La pili ndilo lililonisumbua. Nilikaa sakafuni sebuleni, kompyuta mapajani, natazama namba za nje: 35, 36, 34, 36. Zimetulia kama maji ya mtungini. Mama akaingia kutoka safarini, akaweka mkoba, akaweka simu mezani, akaanza kunisalimia. Namba zikaenda 38, 210, 480, 730. Hakuna aliyewasha kitu. Nikaichukua ile simu na kuzima Wi-Fi yake: 35. Nikaiwasha tena: 600 na ushei. Ilikuwa inapakia picha zote za safari kwenye hifadhi ya mtandaoni, kimyakimya, skrini ikiwa imezimwa.

Laini yetu ilikuwa na megabiti 40 za kupakua, lakini za kupakia ni 2 tu. Tulipoongeza kifurushi, upande wa kupakia haukuguswa hata kidogo! Picha za mama zilijaza kale kanjia kembamba, ruta ikawa inazipanga foleni ndefu badala ya kuzikataa baadhi, na kila amri ya mdogo wangu ya kupiga au kukimbia ikalazimika kusimama nyuma ya picha mia mbili. Mhandisi Jim Gettys alianza kulieleza tatizo hili hadharani mwishoni mwa 2010, na watu wengi wakalifanyia kazi baada yake. Dawa waliyoipata inaitwa SQM, yaani usimamizi wa kijanja wa foleni. Ndani yake kuna utaratibu kama fq_codel au CAKE, ambao hauachi mzigo mmoja mkubwa ushike mlango. Vipande vidogo vya gemu vinapenyezwa mbele.

Tafuta SQM kwenye mipangilio ya ruta yako. Ukiiona, pima kasi halisi ya kupakia na kupakua, kisha weka kikomo kiwe kama asilimia 90 ya ulichopata. Unapoteza kasi kidogo kwa makusudi, ili foleni ijipange ndani ya ruta yako, ambako kuna mwenye akili ya kuipanga. Sisi tulipata 2.1 za kupakia, nikaweka 1.9. Nikamwomba mama aanze tena kupakia picha. Namba zikacheza kati ya 38 na 45, na mdogo wangu akamaliza mechi yake bila kunyanyua kichwa. Kama ruta yako haina SQM, angalia kama inakubali OpenWrt, programu huria ya ruta inayoweza kuongezewa uwezo huo. Ikishindikana, panga picha zipakiwe na gemu zijisasishe saa tisa usiku. Kumbuka megabaiti 1 ni megabiti 8: gemu ya gigabaiti 60 kwenye laini ya megabiti 20 ni zaidi ya saa sita, na hizo zisiwe saa za jioni.

Watakushauri ubadilishe DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Kurasa huenda zikafunguka upesi kidogo, lakini pingi ndani ya mechi haishuki. Vile virudufishi vya kurefusha Wi-Fi vyenye redio moja navyo viache, vinapokea na kutuma kwa zamu, kasi inabaki nusu. Mwambie pia mkubwa aangalie amechagua seva ya wapi, yaani kompyuta inayoendesha mechi. Mwanga ndani ya faiba, zile nyuzi za kioo zinazobeba intaneti, hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo seva iliyo kilomita 5,000 haiwezi kumpa chini ya milisekunde 50, hata mngekuwa na laini bora kuliko zote.

Kesho usiku, wote wakiwa wanatumia, fanya kile kipimo cha madirisha mawili unitumie picha ya skrini. Niambie pia ruta iko wapi, maana nakumbuka mara ya mwisho ilikuwa sakafuni nyuma ya kochi. Nitakaa na simu mkononi kuanzia saa mbili.

Wako wa siku zote.