Kinyozi Asichekwe: Barua kwa Wapiga Picha Vijana wa Dodoma

Wanangu mnaopiga picha Nyerere Square, kwenye mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na kwenye kumbi za harusi mjini hapa, mbukwenyi!

Jumamosi iliyopita nilialikwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Meza yangu ilikuwa ya nyuma, karibu na mlikoweka mabegi yenu, hivyo niliwasikia. Mmoja wenu aliulizwa kamera kasomea wapi. Kabla hajajibu mwenzake akadakia, "Huyu? Huyu si alikuwa kinyozi Majengo!" Mkacheka. Yeye naye akacheka, kisha akaanza kufuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi.

Kicheko hicho ndicho kilichonikalisha niandike.

Mimi nilikuwa fundi cherehani. Wengi wenu hamjui, maana mlinikuta na studio. Kamera yangu ya kwanza, Zenit ya filamu, niliichukua kwa mteja aliyeshindwa kumalizia fedha ya suti. Kipima mwanga chake kilikuwa kimeshakufa, nikajifunza kukisia. Lakini mtu akisimama mbele yangu nilikuwa nimeshampima kwa macho kabla hajakaa. Mabega ya binadamu hayalingani, na fundi analijua hilo siku ya kwanza kazini. Bega lililopanda nililirudisha nyuma kidogo, koti nikalifungua kifungo kabla mtu hajaketi lisije likavimba kifuani, na mfukoni sikukosa pini. Watu wakasema mzee ana kipaji. Kipaji gani? Nilikuwa nimeshona miaka.

Tena cherehani ndiyo iliyoniokoa aibu. Kuna harusi nilipiga picha zote 36, nikafungua mgongo wa kamera kabla sijarudisha filamu. Mwanga ukaingia, harusi ikaungua. Fedha za watu nilikuwa nimeshazila. Nilienda kwa baba wa bwana harusi nikiwa nimeshika kofia, tukakubaliana niwashonee watoto wa ukoo ule sare za shule mpaka deni liishe. Lilichukua misimu miwili ya kufungua shule. Ningekuwa nimeuza cherehani kwa kujiona mpiga picha kamili, sijui ningelipa nini.

Wala si mimi peke yangu. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, ambaye picha zake leo zinatundikwa kwenye majumba ya makumbusho, alifundishwa useremala na baba yake. Kamera aliletewa na ami yake mwaka 1935, na alipoanza studio, pazia la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake. Gordon Parks wa Marekani alikuwa mhudumu kwenye mabehewa ya chakula ya treni. Aliona picha kwenye magazeti waliyoacha abiria, akanunua kamera duka la rehani. Mwaka 1948 akaajiriwa na jarida la Life, Mweusi wa kwanza kuwa mpiga picha wake wa kudumu.

Ninayemfikiria zaidi ni Sebastião Salgado, Mbrazili. Alikuwa mchumi wa Shirika la Kimataifa la Kahawa huko London, akija Afrika kikazi na kamera ya mkewe. Mwaka 1973 akaacha mshahara. Lakini tazameni alichokwenda kupiga: wachimba dhahabu wa mgodi wa Serra Pelada, Brazili, wamebeba viroba mgongoni, wakata miwa, watu wa viwandani. Ni uchumi uleule, ila sasa una jasho.

Mmoja wenu ni muuguzi na analificha jambo hilo. Mwingine kasomea kilimo. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na yeye anajua aingie shambani wiki gani, wakati ninyi wengine mnakwenda na kukuta majani matupu. Hayo ndiyo mnayoyaonea haya?

Na kinyozi! Niambieni, nani mwingine mjini hapa anashika kidevu cha mkuu wa idara na kukigeuza bila kuomba radhi? Picha ya uso nusu yake ni hiyo.

Sisemi ukinyozi unatosha. Nimeona kazi zake za saa saba mchana: jua la Dodoma limesimama utosini, macho ya watu yamekuwa mashimo. Mlio na vyeti mnajua dawa yake, hata kama ni kumsogeza bibi harusi kwenye kivuli cha mbuyu tu. Mngemwonyesha badala ya kumcheka.

Wewe kijana, Jumapili baada ya ibada nipo nyumbani. Njoo na mashine yako ya kunyolea, na kamera pia. Ndevu zangu zimezidi, na tangu nifunge studio sina picha yangu hata moja ya maana.

Ni mimi mzee wenu,
Fundi cherehani