Walimu wa Kiingereza na wa Kiswahili wakae meza moja

Mhariri,

Nina steshenari ndogo hapa Mwanjelwa, Mbeya, na notisi nyingi za Kiingereza za wanafunzi wa mtaani kwetu hupita kwenye fotokopi yangu. Nilisoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, kwa hiyo siwezi kutoa kopi bila kuichungulia.

Ukurasa wa "Figures of Speech", yaani tamathali za semi, ni ule ule kila mwaka: simile, metaphor, personification, hyperbole, irony, onomatopoeia. Kila istilahi ina maana ya mstari mmoja, kwa Kiingereza kigumu kuliko istilahi yenyewe, na watoto wanaikariri wakisubiri kopi zao. Juzi binti mmoja aliighani maana ya "personification" bila kukosea hata herufi. Nikamwomba mfano, kimya. Nikamuuliza, na tashihisi je? Akajibu hapo hapo: "Kama hii mashine yako, Anti, imenuna tangu asubuhi."

Kumbe anaijua! Amefundishwa darasani mwake humo humo, kwenye kipindi cha Kiswahili, pamoja na tashbihi, sitiari, mubalagha na tanakali sauti. Mtoto anayesema kitu kilitumbukia chubwi hahitaji wiki nzima kuielewa "onomatopoeia". Anahitaji kuambiwa kwamba ndiyo hiyo. Lakini nani amwambie, ikiwa kwenye mlango wa ofisi ya walimu pamebandikwa "No English, No Service"?

Viwakilishi ndivyo vinavyoniuma zaidi. Jedwali la "subjective", "objective" na "possessive" linaandikwa ubaoni, wanalinakili, halafu kwenye mazoezi nakuta "Him is my friend" na "I saw she". Hakuna aliyewaonyesha kuwa lugha yao inafanya jambo hilo hilo ndani ya kitenzi. Anamwita: "a" ndiye mtenda, "m" ndiye mtendwa. Hakuna mtoto Mwanjelwa atakayechanganya hizo mbili, hata wa chekechea. Basi "he" akae panapokaa "a", na "him" panapokaa "m". Vivyo hivyo "unaniita" na "ninakuita": sisi tunabadili "u" kuwa "ku", wakati Mwingereza anabaki na "you" yake kote kote. Hapo mvivu ni yeye. Kwenye nafsi ya kwanza kibao kinageuka, maana "ni" yetu haibadiliki ilhali yeye ana "I" na "me". Mwanafunzi akishaiona tofauti hiyo ndipo jedwali linapokuwa na maana. Tatizo la "he" na "she" ni jingine kabisa, kwa sababu Kiswahili hakiulizi jinsia, na hapo mazoezi tu ndiyo dawa.

Najua kuna watakaosema nataka Kiingereza kifundishwe kwa Kiswahili. Hapana. Kuanzia Kidato cha Kwanza masomo karibu yote yako kwa Kiingereza, na mtoto asiyekijua ataumia kwenye Baiolojia na Jiografia pia. Tena siyo kila istilahi ina pacha. Nimeona notisi zinazotafsiri "irony" kuwa kejeli, na mtoto akaandika kuwa irony ni kumcheka mtu. Kinaya kingemfaa zaidi, na mwalimu wa Kiswahili wa shule hiyo hiyo angelisema hilo kwa dakika moja wakinywa chai.

Msamiati nao unaletwa kama orodha ya sokoni, maneno yamepangwa kwa alfabeti bila sentensi hata moja. Ndiyo maana "Borrow me your pen" haiishi. Sisi "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu" ni kitenzi kimoja. Kiingereza kina "lend" kwa anayetoa na "borrow" kwa anayepokea. Sentensi mbili zikikaa juu na chini kwenye daftari, kazi imekwisha.

Ninachoomba ni kidogo. Wakuu wa shule wawape walimu wa lugha hizi mbili kipindi kimoja kwa wiki cha kupanga pamoja, na mada ya tamathali za semi iingie kwenye Kiingereza baada ya kufundishwa kwenye Kiswahili, si kabla. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ihakikishe kila kitabu cha Kiingereza cha sekondari kinafungwa na orodha ya istilahi zenye Kiswahili chake pembeni. Kurasa mbili zinatosha. Nitakosa wateja wa kopi za "Figures of Speech", lakini mitihani ya majaribio bado ipo.

Anti wa steshenari,
Mwanjelwa, Mbeya