"Kula kidogo kidogo" ni kiasi gani?

Mhariri,

Naomba nafasi niongezee neno juu ya ushauri ambao kurasa za afya haziuchoki: mwenye tumbo linalosumbuka upesi ale kidogo kidogo. Ushauri wenyewe ni mzuri, ila hufika nusu. Msomaji haambiwi kidogo ni kiasi gani, apumzike muda gani kati ya mlo na mlo, wala hicho kidogo kiwe na nini. Wengi huishia kutafuna kutwa nzima, kisha hushangaa mbona gesi na kiungulia haviondoki.

Kwanza mtu apime anachokula sasa. Achote sahani yake ya kawaida, aihamishie kwenye kikombe cha mililita 250 na kuhesabu vikombe. Aondoe theluthi moja, lakini asiitupe: ndiyo itakayokuwa mlo wa nyongeza. Wengi hukosea hapa. Hupunguza sahani bila kuongeza mlo, na baada ya wiki chache wamekonda na hawana nguvu.

Milo mitano inatosha, ikiachana kwa saa tatu hivi: saa 1 asubuhi, saa 4, saa 7 mchana, saa 10 na saa 1 usiku, kwa anayelala saa 4. Nafasi hiyo ina kazi. Utumbo ukiwa hauna chakula, kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi hupitiwa na mawimbi ya misuli yanayosukuma mabaki kwenda mbele. Kula huyakatiza. Anayedokoa kila nusu saa, hata kama anadokoa kidogo, hayapi mawimbi hayo nafasi.

Kuna na mafuta, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayosahaulika kuliko yote. Sahani ndogo ya vitu vya kukaanga yaweza kulemea kuliko kubwa iliyochemshwa. Mafuta yakifika utumbo mwembamba, mwili hutoa homoni zinazoliamuru tumbo lipunguze kasi ya kujimwaga, na chakula hukaa juu muda mrefu. Kijiko kimoja kikubwa (cha chakula) cha mafuta ya kupikia kina takriban gramu 14 za mafuta. Kwa kuanzia, kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa mlo kinatosha, na ikumbukwe kwamba nyama na karanga huja na mafuta yake.

Kiasi hujumlishwa pia. Maharage kidogo huenda yasidhuru, vitunguu kidogo vivyo hivyo, maziwa kidogo vivyo hivyo. Vikikutana katika mlo mmoja, tumbo hujaa gesi na lawama huangukia kimoja tu. Wengi wasiomeng'enya sukari ya maziwa huvumilia gramu 12 hivi kwa mara moja, yaani kikombe kimoja cha maziwa, hasa kikinywewa pamoja na chakula. Si lazima kuyaacha kabisa.

Daftari husaidia kuliko kukisia, mradi liandikwe saa ya kula, kiasi, na saa dalili ilipoanza. Uzito chini ya kifua ndani ya nusu saa mara nyingi hutokana na wingi au haraka ya kula. Gesi inayokuja saa kadhaa baadaye hutoka utumbo mpana, kwa hiyo mshitakiwa huenda ni mlo uliotangulia. Na anayekimbilia chooni mara tu anapomaliza kula asidhani chakula kimepita moja kwa moja: tumbo likitanuka, utumbo mpana hushtuka na kusukuma kilichokuwemo tangu awali. Mlo mkubwa au wenye mafuta mengi huuzidisha mshtuko huo. Abadilishe jambo moja kwa wiki. Akibadilisha matatu kwa pamoja, daftari halitamwambia kitu.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asipange upya saa za kula kabla ya kuzungumza na daktari wake. Na mwenye choo cheusi au chenye damu, anayekonda bila sababu, anayetapika mfululizo au ambaye chakula hukwama kooni, huyo asianze na vikombe wala daftari. Aende hospitali.

Msomaji wenu