Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa WIPO: jina la mpiga picha lisifutwe na mashine

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO),
Geneva, Uswisi.

YAH: ULINZI WA TAARIFA ZA UMILIKI ZILIZOMO NDANI YA FAILI ZA PICHA

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia nikiwa mpiga picha wa kujitegemea, ninayeishi kwa kazi za michezo, safari za milimani na picha za hali halisi za maisha ya watu. Nimechagua kuandika hadharani kwa sababu ninaloliomba linawagusa wenzangu wengi wasio na chama cha kuwasemea, na kwa sababu naamini liko ndani ya uwezo wa shirika lako bila kusubiri mkataba mpya. Ombi lenyewe ni hili: WIPO iziongoze nchi wanachama zikubaliane kwamba kufuta jina la mpiga picha kutoka kwenye faili ya picha, hata pale mfutaji anapokuwa mashine isiyokusudia lolote, ni jambo linalostahili kuzuiwa chini ya Ibara ya 12 ya Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO wa mwaka 1996.

Ili ombi hili lieleweke, sina budi kueleza jinsi kazi yetu inavyofanyika na inavyolipwa, maana wengi huiona picha lakini hawaioni hesabu iliyo nyuma yake.

Mpiga picha wa michezo huanza kazi saa kadhaa kabla ya filimbi ya kwanza. Hutega kamera ya pili nyuma ya wavu wa goli na kuiunganisha na kitufe cha mbali, huvuta waya wa mtandao hadi mahali atakapokaa, kisha huingiza kwenye kamera na kompyuta yake maelezo yatakayojiandika ndani ya kila faili: jina lake, jina la mashindano, uwanja, tarehe na masharti ya matumizi. Huandaa pia orodha ya wachezaji, ili akiandika namba ya jezi tu, jina kamili lijitokeze lenyewe. Mchezo ukishaanza hana tena nafasi ya kuandika mengi. Lenzi ya milimita 400 yenye uwazi mkubwa ina uzito wa karibu kilo tatu, kamera za leo hunasa fremu 20, 30 au zaidi kwa sekunde, na mhariri aliye mbali anaitarajia picha ya goli kabla wachezaji hawajamaliza kushangilia. Katika mwendo huo, kinachosema picha ni ya nani ni yale maandishi yaliyomo ndani ya faili, ambayo mafundi huyaita metadata, na ambayo yamekuwa na utaratibu mmoja unaofuatwa na vyombo vya habari duniani, ule wa IPTC, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango vya habari, tangu miaka ya 1990.

Malipo ya siku hiyo, kwa sisi tusioajiriwa, mara nyingi hayarudishi gharama za lenzi, nauli na bima. (Bima ni kisa cha peke yake: wenye kuiuza wakisikia neno “mlima” bei hupanda kabla hujamaliza sentensi.) Kinachotuweka kazini ni mauzo ya baadaye. Mwaka 1965, mpiga picha wa michezo Neil Leifer, akiwa kijana wa miaka 22, alikuwa amekaa upande uliofaa wa ulingo kule Lewiston, Maine, wakati Muhammad Ali alipomwangusha Sonny Liston katika raundi ya kwanza na kusimama juu yake akimfokea. Jarida lililomtuma halikuiweka picha ile jaladani. Sifa na thamani yake vilikua kadiri miaka ilivyopita, na vilipokuja vilimkuta mwenyewe akijulikana kwa jina. Ndivyo maktaba zetu zilivyo: picha nyingi hazina bei siku zinapopigwa, chache huipata baada ya miaka kumi au thelathini, na hakuna awezaye kujua mapema ni zipi. Maktaba hiyo ndiyo kiinua mgongo chetu, na ufunguo wake ni jina.

Milimani utegemezi huo ni mkubwa zaidi, kwa kuwa mwili hauruhusu kazi ile ifanywe hadi uzeeni. Anayempiga picha mpandaji ni lazima atangulie juu ili apate uso badala ya kisigino. Hubeba kamba zake mwenyewe na mzigo wa kamera, hulaza betri kifuani chini ya koti kwa sababu baridi huziua upesi, na kabla ya kuingia kwenye hema lenye joto huifunga kamera ndani ya mfuko usiopitisha hewa, la sivyo unyevu utageuka matone juu ya vioo vyake. Baada ya yote hayo, yeye haonekani. Edmund Hillary alimpiga picha Tenzing Norgay kileleni Everest tarehe 29 Mei 1953, na hakuna picha ya Hillary mwenyewe akiwa pale juu. Dunia haikupata shida kumjua aliyeshika kamera kwa kuwa walikuwa wawili tu, bahati ambayo wengi wetu hatuna.

Wanaofanya picha za hali halisi nao hurudi kwa watu walewale mwaka baada ya mwaka, hadi familia iwazoee na iache kukaa kwa ajili ya kamera. Kazi ya namna hiyo haina mteja mpaka itakapokamilika, na wengine huifanya kwenye hatari kubwa. Mohamed Amin, ambaye picha zake za filamu ziliionyesha dunia njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984, alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa mwaka 1991, kisha akarudi kazini na mkono wa bandia. Si kila mtu ataweza kurudi. Mwili ukishindwa, kinachoendelea kuleta riziki ni picha zilizokwisha kupigwa.

Natambua, Mheshimiwa, kwamba shirika lako limewahi kututendea haki katika jambo hili. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za waandishi na wasanii, ulipotiwa saini mwaka 1886, picha hazikuwemo kwenye orodha ya kazi zinazolindwa, bali zilitajwa pembeni, katika itifaki ya mwisho. Hata zilipokuja kukubaliwa, Ibara ya 7(4) iliziruhusu nchi kuzilinda kwa miaka 25 tu tangu zilipotengenezwa, maana yake aliyepiga picha akiwa na miaka 30 angeweza kuipoteza akiwa na miaka 55, umri uleule ambao magoti humkatalia mtu milima. Mkataba wa mwaka 1996 uliondoa ubaguzi huo kupitia Ibara yake ya 9. Tuliongezewa muda, lakini muda wa ulinzi hauna faida ikiwa hakuna anayeweza kujua unamlinda nani.

Picha inapopakiwa kwenye mitandao mingi ya kijamii, mashine huipunguza ukubwa na kuiandika upya, na katika kuiandika upya huyatupa maandishi ya ndani. Jina hupotea bila mtu yeyote kuamua kuliondoa. Picha yangu moja, ya mpandaji aliyening'inia chini ya mwamba ulioinama nje, iliwahi kutumika kutangaza bidhaa za kampuni ambayo sitaitaja. Nilipowaandikia walinijibu kwa adabu kwamba waliikuta mtandaoni bila jina na hawakuwa na njia ya kumpata mwenyewe. Sina sababu ya kudhani kwamba walisema uongo, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu sheria ilivyo sasa inamtafuta mtu mwenye nia mbaya, na hapa hapakuwa na yeyote.

Ibara ya 12 inazitaka nchi ziweke hatua za kisheria dhidi ya mtu anayeondoa au kubadili taarifa za usimamizi wa haki, yaani zile zinazosema kazi ni ya nani na masharti ya kuitumia, bila idhini. Hata hivyo, imeweka masharti mawili ya kujua: mhusika awe amefanya kitendo hicho kwa kujua, na awe anajua, au katika mashauri ya madai awe na sababu za kutosha za kujua, kwamba kitendo hicho kitachochea, kitawezesha, kitarahisisha au kitaficha uvunjaji wa haki. Mwaka 1996 masharti hayo yalikuwa na busara yake, kwani aliyefikiriwa alikuwa mwizi anayekaa mbele ya kompyuta na kufuta jina kwa mkono. Leo kazi hiyo inafanywa na programu, kwa picha zote bila kuchagua, na mwenye programu anasema hakukusudia kumficha mtu yeyote. Kwa maoni yangu utetezi huo ulipaswa kuwa umekwisha siku nyingi: anayeendesha mfumo huku akijua kwamba unafuta majina, na akiwa ameelezwa mara kwa mara matokeo yake, ana sababu za kutosha za kujua.

Gharama ya kupotea kwa jina inaonekana vizuri katika kesi ya Daniel Morel, mpiga picha wa Haiti. Tetemeko la ardhi la tarehe 12 Januari 2010 lilipoipiga nchi yake, alipiga picha mitaani na kuzipandisha mtandaoni siku hiyohiyo. Mtu mwingine alizinakili na kuzitoa kama zake, shirika la habari la AFP likazichukua na kuzisambaza kwa jina hilo lisilo sahihi, na Getty, kampuni ya kuuza picha, nayo ikazieneza. Mwezi Novemba 2013 baraza la wazee wa mahakama mjini New York liliamua kwamba kampuni hizo mbili zilivunja haki yake kwa makusudi, na alipwe takriban dola milioni 1.2. Wenzangu huitaja kesi hii kama ushindi, nami sibishi. Ila alikuwa na picha ambazo dunia nzima ilizihitaji usiku ule, alikuwa na mawakili, na bado ilichukua karibu miaka minne. Mwenye picha ya mbio za baiskeli iliyochapishwa mara tatu bila jina hawezi kufika huko, wala hakuna wakili atakayempokea.

Zipo nchi zilizotunga sheria kuhusu kazi zisizojulikana wenyewe, zile zinazoitwa kazi yatima. Utaratibu wa Uingereza ulioanza mwaka 2014 unaruhusu serikali kutoa leseni ya kutumia kazi ya namna hiyo, zikiwemo picha, kwa hadi miaka saba, baada ya mwombaji kufanya msako wa kina wa kumtafuta mwenyewe. Sina ugomvi na maktaba au makumbusho yenye picha ya miaka mia iliyopita. Nina wasiwasi na picha ya mwezi uliopita ambayo mzazi wake yu hai, ana barua pepe, na aliiandika barua pepe hiyo ndani ya faili kabla mashine haijaifuta.

Kampuni za mitandao hutoa sababu ya faragha, na sababu hiyo haipaswi kudharauliwa. Faili ya picha inaweza kubeba alama za mahali halisi ilipopigwa, na kwa mtu aliyekubali kupigwa picha huku akijificha, alama hizo zinaweza kumgharimu maisha. Sisi wenyewe huziondoa. Lakini mahali na jina la mwandishi wa picha vimewekwa katika sehemu tofauti za faili, na inawezekana kuondoa kimoja na kuacha kingine. Anayetaka jina lake lisionekane, kwa usalama wake, na aachiwe uamuzi huo yeye. Hoja ya ukubwa wa faili siioni kabisa, maana jina ni herufi chache tu. Tena tangu mwaka 2018 Google imekuwa ikionyesha jina la mpiga picha katika matokeo ya utafutaji wa picha pale linapokuwemo ndani ya faili, jambo linaloonyesha kwamba hakuna kikwazo cha kiufundi.

Kuhusu akili unde nitasema moja tu, kwa kuwa wengine wanaliandikia kwa marefu. Iwapo siku moja itakubaliwa kwamba wenye picha zilizotumika kufundishia mashine walipwe, swali la kwanza litakuwa nani alipwe, na picha iliyofutwa jina haitakuwa na jibu.

Naomba basi mambo mawili. La kwanza ni pendekezo la pamoja la Mkutano Mkuu wa WIPO na Mkutano wa Muungano wa Berne, yaani wa nchi zilizo katika Mkataba wa Berne, kwa mfano wa lile la mwaka 1999 kuhusu alama za biashara zinazojulikana sana, ambalo halikuhitaji kuridhiwa kama mkataba na bado limeziongoza nchi nyingi. Pendekezo hilo lieleze kwamba mfumo unaofuta taarifa za umiliki kwa kawaida yake, baada ya mwenye mfumo kujulishwa, unatimiza sharti la kujua lililomo katika Ibara ya 12, na kwamba jina likiwa ndani ya faili lihifadhiwe na lionekane kwa mtazamaji.

La pili ni njia nafuu ya kudai. Kituo cha Usuluhishi na Upatanishi cha WIPO, kilichoanzishwa mwaka 1994, kimekuwa kikiamua migogoro ya majina ya tovuti tangu mwaka 1999, kwa maandishi, bila pande zote kusafiri. Marekani nayo ilifungua mwaka 2022 baraza la madai madogo ya hakimiliki, ambalo fidia yake haizidi dola 30,000 kwa shauri. Dawati la namna hiyo kwa picha, lenye ada ambayo mtu anayelipwa kwa siku anaweza kuimudu, lingetufaa kuliko haki kubwa zilizoandikwa mahali tusipofika.

Najua kwamba Kamati ya Kudumu ya Hakimiliki na Hakishiriki ina ajenda ndefu, na kwamba mkataba wa mashirika ya utangazaji umekuwa mezani pake tangu mwaka 1998. Siwaombei wapiga picha safari ya aina hiyo. Ndiyo maana nimeomba tafsiri ya ibara ambayo tayari ipo. Sekretarieti ikikubali kulipokea suala hili, naomba itangaze ni lini na kwa njia gani wapiga picha wasio na vyama wanaweza kuwasilisha ushahidi wao, zikiwemo faili za kabla na baada ya kupakiwa, ambazo mimi na wenzangu tuko tayari kuzitoa.

Wako mtiifu,

Mpiga picha wa kujitegemea