Risala ya Mafinalisti wa Umeme kwa Mgeni Rasmi, Lubumbashi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bwana Prefe wa Masomo, walimu wetu, baba na mama wazazi, wageni wote mlioacha kazi zenu asubuhi hii, tunawasalimu.

Sisi mafinalisti wa fani ya umeme tumepewa heshima ya kukusomea risala hii. Tuliambiwa tuwe wafupi, tena tusilalamike. La kwanza tutajitahidi.

Mgeni Rasmi, ukimuuliza mtu yeyote wa mji huu kwa nini kuna delestaji, huku kukatiwa umeme kartie kwa kartie, yaani mtaa kwa mtaa, atakujibu kwamba mabwawa hayatoshi. Ana haki, lakini amesema nusu. Nchi yetu inakadiriwa kuwa na nguvu za maji zinazoweza kutoa megawati 100,000, na zaidi ya 40,000 kati yake ziko mahali pamoja, Inga, kwenye Mto Kongo. Kilichojengwa pale ni Inga ya kwanza ya mwaka 1972, megawati 351, na Inga ya pili ya 1982, megawati 1,424. Huku kwetu Katanga tuna mabwawa ya zamani zaidi, Mwadingusha juu ya Lufira tangu 1930, kisha Koni, Nzilo na Nseke, yote yaliyojengwa na Wabelgiji kwa ajili ya shaba. Miaka ya karibuni imeongezeka Busanga juu ya Lualaba, megawati 240. Hata mabwawa yakizidi kujengwa, bado litabaki swali la njia: umeme huo unafikaje kwenye resho, jiko la umeme, ya mama wa komine ya Katuba au ya Ruashi hapa mjini? Hilo ndilo tulilokuja kulisema leo.

Umeme wa Inga unatufikia kwa mstari wa kilomita karibu 1,700, unaoishia Kolwezi. Ulikamilika mwaka 1982, na kwa miaka mingi hapakuwa na mwingine wa aina yake mrefu kuliko huo duniani. Jenereta za Inga zinatoa mkondo geu, unaobadili mwelekeo kila mara, na mkondo geu hausafiri vizuri umbali mkubwa namna hiyo. Mwingi hupotea njiani na mtandao huyumba. Kwa hiyo palepale Inga umeme hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu, wa volti 500,000, unavuka Kasai juu ya misitu na mito, na ukifika Kolwezi unarudishwa kuwa mkondo geu kabla ya kugawiwa migodi na miji. Mwanzoni mstari huo ulipangwa kubeba megawati 560.

Hapo ndipo lilipo jibu la jambo linalowaumiza watu wengi, kwamba vijiji vilivyo chini ya waya hizo havina hata taa moja. Mkondo mnyoofu wa volti nyingi kiasi hicho hauchunwi njiani kwa transfoma. Kila mahali unapotaka kuuteremsha unahitaji kujenga kituo kizima cha kuugeuza, na gharama yake kijiji hakiiwezi, wala wilaya. Kitaalamu tunaelewa. Kibinadamu ni vigumu kumweleza mtu aliyezaliwa chini ya nguzo na kuzeeka akiwasha kibatari, na hatushangai kwamba vyuma vya nguzo hizo vimewahi kufunguliwa na kuuzwa. Siasa iliyofanya mstari ujengwe tunawaachia wazee wetu walioishuhudia.

Kuna jambo moja la kuusifu mstari huo ambalo halisemwi sana. Mto Kongo unakusanya mvua za pande zote mbili za ikweta, hivyo maji ya Inga hayapungui sana mwaka mzima. Lufira na Lualaba ni tofauti. Kufikia Septemba na Oktoba, mvua zikiwa bado, mabwawa yetu ya karibu yanakuwa yamechoka. Mstari ukiharibika miezi hiyo, Katanga yote inajua.

Mlango wetu wa pili ni kusini. Kutoka kituo cha Karavia, hapahapa Lubumbashi, waya zinavuka mpaka hadi Luano, Zambia, na kupitia Zambia tumeungana na Zimbabwe na Afrika Kusini katika soko la umeme la SAPP, lililoanzishwa mwaka 1995. Migodi inanunua umeme kwa njia hiyo. Lakini ukame wa 2024 ulipolipunguzia maji bwawa la umeme la Kariba, Zambia yenyewe iliingia gizani, na tukaona kwamba jirani naye anaweza kukosa cha kukuuzia.

Wazazi wetu wanauliza: kwa nini kukata, badala ya kugawana kidogo kidogo? Mtandao wote huu unazunguka kwa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Matumizi yakizidi uzalishaji, jenereta hufanya kama mtu anayepanda mlima huku akiongezewa mzigo: hupunguza mwendo. Hezi zikishuka mno, vifaa vya ulinzi hukata vyenyewe, kituo kimoja baada ya kingine, mpaka jimbo zima lizimike. Delestaji ni kuamua mapema ni kartie gani izimwe ili hilo lisitokee. Tunaikubali sababu hiyo. Tusichokikubali ni kartie ileile kuzimwa kila siku bila ratiba inayojulikana, wakati muuza samaki anaweza kupanga biashara yake kama angeambiwa saa tu.

Sasa tuje kwenye kabine, kijumba chenye transfoma inayogawia kartie umeme, kwa sababu kwa maoni yetu ndiko umeme mwingi wa mji unakofia. Chukua kabine yenye transfoma ya kVA 630, yaani isiyoweza kubeba zaidi ya kilowati 630. Nyumba 300 zikiwasha resho ya kilowati 2 kila moja saa kumi na mbili jioni, wakati wa kupika bukari, hiyo ni kilowati 600, na hatujataja friji, taa wala mashine ya kuchomelea ya jirani. Kisha ongeza nyumba zilizojiunga usiku kwa waya wa kuokoteza. Mafuta ya transfoma yanachemka, insulesheni inaungua, na siku hiyo hata Inga ikitoa megawati zake zote, kartie hiyo italala gizani kwa majuma. Mama anarudi kwenye mbabula, jiko la makaa ya miti, na msitu wa miombo unazidi kurudi nyuma kila upande wa mji. Tunaona watu wakihesabu miti iliyokatwa. Hatuoni wakihesabu kabine zilizoungua, ingawa ni hadithi moja.

Nyumba nyingi pia hazina mita, zinalipa kwa makisio. Anayelipa kiasi kilekile awashe asiwashe hana sababu ya kuzima resho, na anayeuza umeme hajui ni kiasi gani kimepotea wala wapi. Bila mita hakuna anayeweza kupanga transfoma ya ukubwa gani iwekwe wapi.

Na kuna waya zenyewe. Tarehe 2 Februari 2022, Kinshasa, waya wa umeme mkubwa ulikatika ukaangukia soko la Matadi-Kibala, na watu 26 wakafa. Msimu wa mvua ukianza hapa kwetu, kila mmoja wetu anajua waya ulioning'inia ambao watoto wanapita chini yake wakienda shule.

Mgeni Rasmi, pamoja na hayo yote, hatukuchagua fani hii kwa kukosa nyingine. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta, na leo makampuni binafsi yanaruhusiwa kuzalisha, kusafirisha na kugawa umeme. Migodi, kwa sababu haiwezi kusubiri, imeweka fedha zake katika kukarabati mitambo ya zamani: Mwadingusha imerudi na megawati 78, na turbini moja ya Inga ya pili, yenye megawati 178, imefanyiwa kazi kwa mpango wa aina hiyo. Migodi hiyohiyo imeanza kuagiza mitambo ya jua yenye betri. Kwa vijiji vya chini ya mstari mkubwa, sisi tunaamini jua na mtandao mdogo wa kijiji vitafika kabla ya kituo chochote cha kugeuza mkondo. Kote huko kutahitajika watu wa kufunga, kupima na kutengeneza. Shaba inayofanya nyaya za dunia inatoka chini ya miguu yetu. Mafundi wanaozifunga nyaya hizo wanaweza kutoka hapa pia.

Tunaomba mambo machache, na hayahitaji bajeti ya Inga. Staje zetu, yaani mafunzo ya kazini, nyingi zinaishia kwenye kupiga fotokopi na kutumwa maji. Tupangiwe na vikosi vinavyopanda nguzo na kufungua kabine, chini ya fundi mzee anayejua kazi, tukiwa na helmeti, glavu na mkanda, kwa sababu hatuna vya kwetu. Dada zetu wa darasa hili wapangiwe pamoja nasi. Mmoja wao ndiye anayeongoza katika mahesabu ya mitandao, lakini kila mahali alipoomba staje aliambiwa nguzo si kazi ya mwanamke.

Tena tunaomba transfoma moja iliyoungua, isiyotengenezeka. Iwe imemwagwa mafuta na kupimwa kwanza, maana baadhi ya za zamani zina mafuta yenye sumu ya PCB. Tutaifungua hapa karakanani, tuone kwa macho koili zilivyoungua na wapi zilianzia. Tumeichora ubaoni mara nyingi, hatujawahi kuigusa.

La mwisho, kama uko na uwezo huo, ratiba ya delestaji ibandikwe kwenye komine zote, hata kama itabadilika. Tuko tayari kuizungusha wenyewe, kartie kwa kartie.

Baada ya risala hii Bwana Prefe atakufungulia karakana, uone kabine ndogo ya mafunzo tuliyoijenga kwa vipande vya kuokota. Tungependa uikague kama mhandisi, na uonapo kosa ulitaje mbele ya wote.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wanafunzi wa mwaka wa nne, fani ya umeme.